Injini ya Mgodi wa Ulanga

Ufa wa injini ya gari ulianzia karibu na bomba la maji ukateremka hadi chini, mwembamba kama unywele. Kibwana bin Shomari aliupitishia kidole mara mbili, akajua hakuna moto wala nyundo ya kuuziba. Akainuka, akafuta mikono kwenye kaniki yake, akavua kofia. Mwenye gari alikuwa amesimama nyuma yake, na mtu mweusi hakuzungumza naye huku kofia iko kichwani.

"Inazibika?"

"Haizibiki, Bwana. Chuma chenyewe kimepasuka."

Mwenye gari alikuwa mlowezi wa Kijerumani mwenye shamba la mpira upande wa Kingolwira. Watu walimwita Bwana Mbio kwa sababu ya gari hilo. Lilikuwa gari la mashindano, refu, jekundu, viti viwili tu, halina paa wala milango. Alilileta kwa meli na treni miaka sita nyuma, likiwa limeshachoka huko huko kwao, na kila Jumapili alitimua nalo vumbi barabarani ili wenzake wamwone. Sasa ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Jeshi lilikuwa limemwandika kuwa mpeleka barua kwenye kambi za kaskazini. Bila gari angepewa bunduki kama wengine, na bunduki hakuitaka.

"Basi tafuta injini nyingine," alisema.

"Itatoka wapi, Bwana? Meli haziji."

"Nchi hii ina mashine. Tafuta inayofaa. Nakupa siku kumi." Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu. "Boma linataka wapagazi kumi na watano kutoka shambani kwangu. Nimeandika kumi na wanne. Unajua kuhesabu, Fundi?"

"Najua, Bwana."

"Vizuri."

Kibwana alitembea hadi nje ya lango ndipo akakumbuka kuvaa kofia yake.

*

Habari za wapagazi hazikuhitaji kusimuliwa. Mtaa wao wa njia ya Kilakala ulikuwa umetoa watu ishirini na wawili mwaka uliopita. Walirudi watano, na mmoja wa hao watano alikuwa bado anatambaa.

Alimkuta mkewe Mosi amesimama uani, kikapu kitupu mkononi.

"Mwenye duka kakataa noti," Mosi alisema. "Kaiinua juani watu wote wanatazama, kaniambia, 'Mama, karatasi ninazo nyingi, lete fedha.' Chumvi hakuna, Baba Asia."

"Tutakula hivyo hivyo," ilisema sauti kutoka jikoni. Alikuwa Bibi Hidaya, mama yake Mosi. "Tumewahi kula vibaya kuliko hivi. Mkwe wangu, karibu unawe. Umechoka."

Alitoka na kata ya maji, akammiminia mikononi, uso ameuelekeza pembeni kama adabu ya mkwe inavyotaka. Kibwana alinawa haraka. Miaka minne sasa mwanamke huyu alikuwa akimmiminia maji, na miaka minne alikuwa akinawa haraka.

Bibi Hidaya alishuka kutoka milimani baada ya kufiwa na mwanawe wa pekee wa kiume, Yunusi, katika mgodi wa ulanga, jiwe linalometameta kama kioo, juu ya Matombo. Alisema hawezi tena kunywa maji ya kijito cha kule. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Asia, binti wa Kibwana na Mosi, hakuwa na mjomba mwingine. Kibwana ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi hiyo, maana wakati huo yeye mwenyewe alikuwa fundi wa injini iliyovuta maji kutoka shimoni. Siku moja ya masika injini iliharibika, maji yakapanda, watu tisa wakafa humo. Mgodi ukafungwa. Hivyo ndivyo ilivyosemwa kwenye baraza la akida, na aliyeisema ni Kibwana.

*

Siku nne alizunguka na kamba ya kupimia. Kwenye kinu cha mahindi alikuta injini ya silinda moja, nzito kama tembo, inayozunguka polepole. Ingeuvunja mgongo wa gari kabla ya kulisogeza. Kwenye kiwanda cha mbao palikuwa na mashine ya mvuke. Stesheni walikuwa na kitoroli chenye injini ndogo, nayo isingepandisha hata mwanamke na mzigo wake. Kibwana alipima, akaandika kwa kaa kwenye ubao, akafuta.

Pale kwenye kinu jambo moja lilitokea. Mwenye kinu alinyoosha mkono kuizima mashine, kazi ya siku imekwisha, na Kibwana akamrukia.

"Usizime! Watu wametoka?"

Wanawake waliokuja kusaga walicheka. "Watu gani, Fundi? Hapa pana mahindi tu!" Yeye hakucheka. Kila injini ilipozimwa mbele yake, katika ule ukimya wa ghafla, alisikia watu wakiita kutoka chini, mbali, kama walio ndani ya mtungi. Waliita jina lake. Haikujalisha kama ni asubuhi au adhuhuri.

Injini ya kufaa aliijua tangu siku ya kwanza. Ilikuwa na silinda nne, nyepesi, ya mbio, imetengenezwa na kiwanda kile kile kilichotengeneza gari. Wenye mgodi waliitoa kwenye gari lililopinduka wakaifunga kwenye pampu. Hakuwa amemtajia mtu.

Siku ya tano Bwana Mbio alimwita.

"Nimeambiwa iko injini kwenye mgodi wa ulanga. Wewe ulifanya kazi kule. Kwa nini hukusema?"

"Ni mbovu ile, Bwana."

"Nani alisema ni mbovu?"

Kibwana alitazama vidole vya miguu yake. "Mimi, Bwana."

"Kaitazame tena. Nyapara Lukasi atakwenda na wewe na watu kumi na sita. Chukua kile kifaa cha kutoa cheche kwenye gari langu. Iwashe kule kule. Sitaki kubebewa chuma kibovu."

*

Alipoisema safari nyumbani, Bibi Hidaya aliweka chini ungo wake.

"Nami nitakwenda."

"Mama, ni mwendo wa siku mbili, kisha ni kupanda tu," Mosi alisema.

"Nimezaliwa huko, unanifundisha njia?" Akamgeukia Kibwana, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi alimtazama usoni. "Siku ile askari walitufukuza wanawake, tusikaribie. Mwanangu sikumzika. Wewe uliiona ile mashine ikifa, mkwe wangu. Utanionyesha mahali."

Angeweza kumkatalia. Akafunga vifaa vyake kwenye gunia.

Walipita Kingolwira, wakalala Mkuyuni, siku ya pili wakaacha barabara na kushika njia ya migomba. Wabebaji wengi walikuwa Waluguru wa pande hizo hizo. Kadiri walivyopanda, mazungumzo yalipungua. Kijito kilimetameta vipande vya ulanga chini ya maji, na Bibi Hidaya akakivuka akiwa ameinua uso juu, hataki kukitazama.

Kibanda cha injini kilikuwa bado kimesimama, mimea ya kutambaa imekifunika. Hatua kadhaa nyuma ya kona ya mwamba palikuwa na shimo lenyewe, maji meusi yametulia karibu na mdomo. Hakuna aliyekuwa akipita hapo. Watu wa kijijini walisema ukichota ulanga wa pale unasikia mtu akihema.

Kibwana alifanya kazi tangu asubuhi. Alisafisha, akapaka mafuta, akafunga kifaa cha cheche, akatia chupa ya petroli aliyopewa. Mikono yake ilijua kila skrubu. Moyoni aliomba iwe imeoza. Akazungusha mpini mara moja, mara ya pili.

Injini ikawaka.

Iliguruma safi, bila kukohoa, kama iliyozimwa jana. Wabebaji walisimama. Lukasi, nyapara wa Bwana Mbio, alipiga makofi. "Nzima! Fundi, umeokoka!"

Bibi Hidaya hakupiga makofi. Alikuja hadi mlangoni mwa kibanda, akaitazama mashine inavyotetemeka.

"Hukuitengeneza," alisema. "Umeifuta vumbi tu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi siku ile iliharibika nini?"

Angeweza kusema jambo. Mafundi wana maneno mengi ambayo watu wengine hawayajui. Lakini alikuwa amechoka. Miaka minne ni mingi. Alipiga magoti kwenye udongo wenye mafuta.

"Haikuharibika. Niliizima mimi."

Lukasi aliacha kutabasamu. Yakobo, mzee kuliko wabebaji wote, akasogea karibu.

"Msimamizi alikuja na mwavuli," Kibwana alisema. "Akaniambia, 'Zima, petroli inakwisha, nimeshawaita watoke.' Nikamuuliza, 'Wametoka wote?' Akaniambia, 'Zima.' Kutoka hapa hadi shimoni ni hatua arobaini, Mama. Ningeweza kwenda kutazama. Mvua ilikuwa inanyesha. Sikwenda. Niliposikia wanaita nilirudi kuiwasha, nikakuta petroli yote imeondolewa, imefungiwa ghalani, ufunguo anao yeye, na yeye kateremka mlimani. Nilipiga mlango ule kwa mawe. Baadaye akaniambia, 'Sema imeharibika, la sivyo utanyongwa wewe, maana mkono ni wako.' Nikasema hivyo."

Injini iliendelea kuguruma katikati yao. Kisha petroli ya chupa ikaisha, ikazimika yenyewe. Ukimya ukaja. Kibwana aliziba masikio kwa viganja, mbele ya watu wote, kama mtoto anayeogopa radi.

Bibi Hidaya aligeuka, akaenda hadi kwenye ghala la mgodi. Mlango ulikuwa bado una kufuli, na chini ya kufuli palikuwa na makovu ya mawe kwenye mbao. Aliyapapasa. Akamwambia Yakobo, "Vunja."

Ndani palikuwa na panya, magunia yaliyooza, na madebe sita ya petroli, yamezibwa kwa madini ya risasi, hayajaguswa.

*

"Madebe haya ni ya Bwana," Lukasi alisema. "Tunafungua injini, tunabeba na madebe, tunaondoka. Siku zimebaki tatu."

Hakuna mbebaji aliyeinuka. Yakobo alikaa juu ya mwamba, akaweka fimbo yake mapajani.

"Kaka yangu yumo mle," alisema. "Mashine hii kazi yake ni kutoa maji. Ikamilishe kwanza kazi yake."

"Nitaandika majina yenu wote!"

"Andika."

Lukasi alimtazama Kibwana apate msaada. Kibwana alikuwa tayari anaukagua mkanda wa pampu. Ulikuwa umeoza vipande viwili. Akaushona kwa ngozi mbichi ya mbuzi aliyechinjwa kijijini. Alasiri hiyo pampu ilitapika maji meusi, baadaye ya kahawia. Ilifanya kazi siku mbili na nusu. Kibwana hakuondoka kando yake, na kila alipotaka kuizima ili ipoe alitembea kwanza zile hatua arobaini, akainama shimoni, akaita: "Mmetoka wote?" mpaka wabebaji walioshuka kutafuta mifupa wajibu mmoja mmoja kwa jina. Mwanzoni walimwonea haya. Baadaye walizoea, wakajibu kwa sauti.

Watu walipanda kutoka vijijini na mikeka na majani ya migomba. Habari ya aliyoyatenda Kibwana iliwafikia njiani. Mwanamke mmoja, Felista, aliyekuwa mjane wa mgodi ule, alimjia akiwa amechutama kando ya injini, akamtemea mate begani, akaenda kukaa na wenzake. Kibwana hakuyafuta.

Mifupa ilitoka imegandwa na ulanga, ikimetameta juani kama vitu vya arusi. Waliipanga juu ya mikeka. Bibi Hidaya alikuwa akitafuta pengo la meno ya mbele, maana Yunusi alivunjika meno mawili utotoni. Mafuvu mawili yalikuwa na pengo. Aliyashika moja kila mkono, akayapima, akashindwa. Akayaosha yote mawili.

Ndipo Lukasi, aliyekuwa akihesabu ili apate kitu cha kumwambia Bwana wake, akasema, "Mbona ni kumi na moja?"

Wakahesabu upya. Mafuvu kumi na moja.

"Kitabu cha mgodi kilisema tisa," Kibwana alisema. "Niliona kwa macho yangu. Tisa."

"Wawili walikuja asubuhi ile," alisema Yakobo. "Vijana. Walikuwa wanatafuta kibarua cha kulipia kodi ya nyumba kwa serikali. Siku ya kwanza mtu haandikwi; wanamwangalia kwanza kama ana nguvu."

"Wa wapi?"

"Nani aliwauliza?"

Mahali fulani, ng'ambo ya mlima au mbali zaidi, palikuwa na nyumba mbili zilizokuwa zikiamini kwamba vijana wao wamekwenda mjini wakawasahau.

Walizikwa wote katika kaburi moja, Waislamu wakasoma dua yao na Wakristo wakasali sala yao. Bibi Hidaya hakuzungumza na mkwewe njia nzima ya kurudi.

*

Mosi aliambiwa na mama yake. Kibwana alipoingia nyumbani alimkuta ameketi kitandani, mikono mapajani. Hakulia, hakupiga kelele.

"Hatua ngapi?" aliuliza.

"Arobaini."

Akainuka, akatoka nje, akaanza kutembea akihesabu kwa midomo. Alipita nyumba ya kwanza, ya pili, akasimama mbele ya ya tatu. Akageuka. Majirani walimwona amesimama pale jua kali, anaitazama nyumba yake mwenyewe, jinsi ilivyo karibu. Aliporudi alihamishia mkeka wake chumbani kwa mama yake.

*

Injini ilikaa kwenye gari kama mguu kwenye kiatu chake cha zamani. Ilimchukua Kibwana siku mbili kuifunga. Bwana Mbio alilitoa langoni mwa shamba, wakalisikia likienda hadi Kingolwira na kurudi, na aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu kwa furaha kama wa mvulana.

"Kazi nzuri, Fundi. Umechelewa siku sita, lakini kazi nzuri." Akashuka. "Lukasi anasema kulikuwa na madebe sita. Ameleta mawili. Mengine yalivuja?"

Lukasi, nyuma yake, alimkonyeza Kibwana akubali. Alikuwa amemwachia uongo mdogo, safi, usiomdhuru mtu.

Kibwana alivua kofia.

"Hayakuvuja, Bwana. Niliyatumia kutoa maji shimoni. Kulikuwa na watu mle."

"Watu?"

"Watu kumi na mmoja. Wamekufa."

Bwana Mbio alimtazama kama anayetazama mashine isiyoeleweka. Petroli siku zile ilikuwa ghali kuliko divai. Kwa debe moja angeweza kufika mbali. Hakupaza sauti. Aliitoa ile karatasi, akaiweka juu ya boneti lenye joto, akaandika mstari wa kumi na tano.

*

Wapagazi walikusanywa boma asubuhi ya Jumatatu, watu mia mbili na zaidi, wamepangwa mistari. Karani aliketi mezani na kitabu, na kando yake boksi la vibati vyenye nambari. Mosi alisimama ng'ambo ya kamba, amemshika Asia mkono. Alikuwa amemletea mumewe ugali na dagaa kwenye jani. Alimpa, wakagusana vidole.

Bibi Hidaya hakusimama ng'ambo ya kamba. Alipita chini yake, akaja na bakora yake hadi kwenye mstari.

"Mama," Kibwana alisema. "Nisamehe."

"Sijakusamehe."

"Naelewa."

"Huelewi. Rudi. Nina hasira nawe ya miaka mingi, nami siwezi kumkasirikia mtu ambaye sijui amelala wapi. Rudi nikukasirikie nyumbani."

Mstari ulisogea. Karani hakuinua macho. "Jina?"

"Kibwana."

"Wa Kingolwira?" Akaandika neno moja, akachukua kibati. "Mia moja na arobaini na tatu. Anayefuata!"

"Bado," alisema Bibi Hidaya. "Andika jina la baba yake."

"Bibi, toka hapa."

"Kibwana bin Shomari. Andika na ukoo wa mama yake. Andika njia ya Kilakala, nyumba ya Mosi binti Hidaya."

"Hii ni vita, si arusi!"

Askari alikuja akamshika mkono. Alikuwa askari kijana, na mkono alioushika ulikuwa wa mtu wa umri wa bibi yake, akaulegeza. Bibi Hidaya aliweka bakora juu ya meza, katikati ya kitabu.

"Kule mgodini waliandika tisa," alisema. "Tumewatoa kumi na moja. Wawili tumewazika bila jina, sijui habari zao niwapelekee kina nani. Andika, baba. Wino si wako."

Karani alimtazama, kisha akatazama mstari mrefu nyuma yake, uliokuwa ukimsikiliza. Akachovya kalamu. Aliandika kwa muda, Bibi Hidaya akizifuata herufi asizozijua kana kwamba anaangalia mtu anayeshona.

"Soma," alisema.

Karani akasoma, haraka, kwa sauti ya chini.

"Sijasikia. Soma tena."

Akasoma tena, safari hii kwa sauti iliyofika hadi kwenye kamba, jina, baba, ukoo, njia, nyumba. Mosi alifunika mdomo kwa kanga. Kibwana alichukua kibati chake akasogea, na mtu aliyekuwa nyuma yake, mkulima mmoja wa Mkuyuni ambaye hakumjua mtu yeyote pale, akaja mbele ya meza, akavuta pumzi.

"Mimi naitwa Pazi," alisema. "Nami andika jina la baba yangu."